Giaboksi Iliyohukumiwa Kabla ya Kupimwa

Bodaboda iliyobeba madumu ya mawese ilinipita kwenye mlima wa kupanda Mwanga, hapa Kigoma, nami nimekanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ya Surf yangu, Toyota ya giaboksi otomatiki, ilikuwa inanguruma kwa chini, resi haipandi, gari linajikokota huku daladala ikinipigia honi nyuma. Nikavuta mkono wa gia kutoka D, nikapita 2, nikaweka L, ile ya milima mikali.

Gari likachomoka. Ndoo za dagaa zikagongana kule nyuma, na mlima ule ule uliokuwa unanishinda ukaisha.

Giaboksi hiyo ilikuwa ya mtumba, imetoka Dar es Salaam, na ilikuwa haijamaliza hata wiki tangu ifungwe.

Niliporudi nyumbani sikulala vizuri, na sababu haikuwa pesa peke yake. Kuna kitu nilikiona pale mlimani ambacho sikuweza kukieleza: kama giaboksi imekufa, ile nguvu ya kwenye L imetoka wapi?

Hukumu ya dakika chache

Kesho yake niliipeleka gereji walikoifunga. Fundi mkuu pale ni mtu mzima, anaheshimika, ameshusha giaboksi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia kwenye gari. Akaweka D, akasogea kidogo. Akaweka R, akarudi nyuma. Akazima.

"Mama, hii imechoka. Mtumba ndivyo ulivyo, unapata au unakosa. Waambie waliokuuzia wakubadilishie."

"Mzee, mbona kwenye L inavuta vizuri?"

"L ni gia ya nguvu, mama. Lazima ivute."

Jibu hilo linatosha ukilisikia harakaharaka. Nilikubali, nikaondoka. Lakini njiani likaanza kunisumbua. L inalazimisha gari libaki kwenye gia namba moja. D nayo, gari likiwa limesimama, inaanzia kwenye gia namba moja hiyo hiyo. Sasa iweje namba moja ya L iwe na nguvu na namba moja ya D isiwe nayo?

Nikapiga simu dukani Dar. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake zote: "Dada, ishushe uitume, tutaiangalia. Ila huko mtu asiifungue, ikifunguliwa tu hatuipokei."

Aliyewahi kuagiza spea nzito akiwa Kigoma anajua maana ya maneno hayo. Kwa reli tu kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Unalipa kushusha, unalipa kusafirisha, unasubiri, halafu unaletewa nyingine ambayo nayo hakuna aliyeipima, unalipa kupandisha. Ikigoma, unaanza upya. Wapo watu mjini hapa waliobadilisha giaboksi mpaka wakauza gari kwa bei ya vyuma.

Nami nilikuwa njiani kuwa mmoja wao.

Oili, na inachoweza kusema

Jirani yangu aliyewahi kuendesha malori alinishauri nianze na oili. Nikajifunza kuipima sawasawa, maana wengi tunaipima kama oili ya injini, gari likiwa limezimwa, na majibu tunayopata si ya kweli. Kwenye giaboksi hii unaendesha kwanza mpaka ipate moto, unasimama sehemu tambarare, unaiacha injini silensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, unapitisha mkono wa gia taratibu kila hatua kisha unarudi P, ndipo unachomoa dipstiki. Usomaji ni kwenye alama ya moto, siyo ya baridi.

Oili ilikuwa ndani ya alama. Nyekundu, safi, hainuki kuungua.

Nilifurahi, kisha furaha ikapungua nilipokumbuka kwamba oili hiyo ni mpya. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ingekuwa ushahidi mkubwa dhidi ya giaboksi. Oili nyekundu ya juzi haisemi mengi, inasema tu kwamba ndani hakujaungua kitu tangu juzi.

Hapa niseme neno kuhusu mtumba, kwa sababu "mtumba ndivyo ulivyo" ni sentensi ninayoisikia sana na siikubali. Mji huu una meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka hapa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito. Ilikuja kuopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mashine iliyokaa miaka chini ya maji ilipona kwa sababu kuna mtu aliitunza siku ya kuiacha. Hilo ndilo swali la kuuliza kuhusu giaboksi ya mtumba: ilitolewaje kwenye gari lake la kwanza, ilihifadhiwaje, matundu ya mabomba ya oili yalizibwa au yaliachwa wazi vumbi na mvua viingie? Hayo yanaulizika na yanaonekana. Ukishasema "ni bahati," umejinyima nafasi ya kuyauliza.

Yangu, nilikumbuka, ilikuja matundu yake yakiwa yamezibwa kwa vipande vya plastiki. Aliyeitoa alikuwa mtu makini.

Mtu wa waya

Kule Gungu kuna kijana anatengeneza dainamo na stata. Watu wakiwa na tatizo la giaboksi hawaendi kwake, kwa sababu giaboksi ni ya makanika na yeye ni fundi umeme. Mimi nilimwendea kwa jambo jingine, taa ya breki, na wakati anafunga balbu nikamsimulia.

Akaacha balbu.

"Dada, ngoja. Ukiwa D ukakanyaga mafuta, injini inapiga kelele gari haliendi, au injini nayo inakabwa?"

"Inakabwa."

"Una uhakika?"

Nilikuwa na uhakika, sauti ya kule mlimani ilikuwa bado masikioni. Akanieleza kwa nini ameuliza. Ndani ya giaboksi kuna klachi ya njia moja, inayoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Ikifa, gari halivuti kwenye D, na ukiweka L linavuta, kwa sababu L inaongeza breki ya ndani inayofanya kazi badala yake. Kwa hiyo dalili yangu ingeweza kabisa kuwa ugonjwa wa ndani, na yule mzee angekuwa amesema kweli. Lakini klachi ya njia moja ikiteleza, injini inakuwa huru, resi zinapanda bure. Injini inayokabwa ni injini iliyopewa gia kubwa mno. Ni kama kuanza mlima na baiskeli ya gia ukiwa kwenye gia ya kukimbilia.

"Mimi nadhani gari yako inaanza na gia namba nne," alisema.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mlimani kuna mtu alikuwa ameuliza gari linafanya nini kabla ya kusema lina nini.

Giaboksi ya Surf yangu, yenye injini ya 3RZ ya petroli, ni ya ukoo wa A340, uliotengenezwa na Aisin wa Japani. Ukoo huo umefungwa kwenye magari mengi ya Toyota, na hata Jeep Cherokee ya zamani ilitumia ndugu yake aitwaye AW4. Gia zake nne zinachaguliwa na solenoidi mbili, vijisumaku vinavyofungua na kufunga njia za oili vikipewa umeme na kontroo boksi, yaani kompyuta ya gari. Gia namba moja: ya kwanza inapata umeme, ya pili haipati. Namba mbili: zote zinapata. Namba tatu: ya pili peke yake. Namba nne: hakuna hata moja inayopata.

Soma tena hiyo ya mwisho. Umeme ukikatika kabisa, giaboksi inakwenda namba nne.

Waliobuni walifanya hivyo kwa makusudi. Umeme ukikukatikia katikati ya pori la Uvinza, mkono wa gia peke yake bado unakupa njia ya kufika: D inakupa namba nne, 2 inakupa namba tatu, L inakupa namba moja, na rivasi ipo. Hakuna gia inayobadilika yenyewe, lakini unafika. Yaani kule mlimani giaboksi ilikuwa inafanya kazi yake kama ilivyoundwa, ikisubiri amri isiyofika.

Kuchomoa plagi

Tatizo la maelezo mazuri ni kwamba yanaweza kuwa mazuri na yasiwe kweli. Nilimuuliza tutajuaje.

Alilala chini ya gari, akatafuta plagi inayoingia ubavuni mwa giaboksi, akaichomoa, akaniambia twende tukaendeshe.

Gari halikubadilika hata kidogo. D nzito vile vile, 2 nafuu kidogo, L ina nguvu.

Najua mtu anaweza kusoma hapo akasema hakuna kilichotokea. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yote yalipogeuka. Kama ukichomoa kitu na gari lisione tofauti, basi kitu hicho kilikuwa kimekwisha kuchomoka kabla hujakigusa. Na mkono wa gia ulikuwa unatoa gia tatu tofauti za kwenda mbele, zote zinashika bila kuteleza. Upande wa vyuma ulikuwa mzima kwa kiasi hicho. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya, kwenye solenoidi, au kwenye kontroo boksi.

Halafu akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. Solenoidi mbili kufa siku moja ni kazi. Kinachozikutanisha zote mbili kufa ni rahisi zaidi. Tafuta zinapokutana.

Mashine ya kupimia, ile ya kuunganisha na simu, ilikataa kuongea na gari. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya tisini hayaelewani na mashine hizo, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa. Yeye alifungua boneti, akatafuta kile kiboksi kidogo chenye mfuniko, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ile inayohusu gia namba nne, ikaanza kukonyeza. Mara sita, kimya kidogo, mara mbili. Kisha mara sita, kimya, mara tatu.

62 na 63. Njia ya umeme ya solenoidi ya kwanza, na njia ya umeme ya solenoidi ya pili.

Gari lilikuwa limeandika ugonjwa wake lenyewe, na maandishi hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza, siku ile lilipoambiwa limechoka.

Juu ya bomba la ekzosi

Mita ikatoka. Kwenye pini za giaboksi yenyewe, kati ya kila solenoidi na bodi, yaani chuma cha gari, usomaji wa ukinzani wa umeme ulikuwa omu 13 na kidogo kwa zote mbili. Kinachotakiwa ni kati ya 11 na 15. Solenoidi zilikuwa nzima.

Akarudisha plagi, akaenda upande wa kontroo boksi, akapima waya zile zile kutokea kule. Karibu na sifuri.

Sifuri maana yake waya umegusa bodi mahali fulani kati ya pale na pale. Akaanza kuufuata kwa vidole, sentimita kwa sentimita, huku mimi nimeshika tochi ya simu. Ulipita juu ya giaboksi, ukashuka nyuma, na pale unapokaribia boksi ya fo-wili ulikuwa umelala juu ya bomba la ekzosi. Ganda la nje la plastiki lilikuwa limeyeyuka likawa kama gamba jeusi linalong'aa. Alipolivunja kwa kucha, ndani waya mbili zilikuwa uchi, shaba imekuwa ya kahawia, na kwenye chuma cha bomba palikuwa na alama mbili ndogo mahali zilipokuwa zinagusa.

Juu kidogo ya hapo, kwenye ubavu wa giaboksi, kulikuwa na tundu la bolti lisilo na bolti. Ni tundu la kibati kinachoshikilia waya huo usifike kwenye ekzosi. Kibati chenyewe tulikuja kukikuta gereji, kwenye kopo la bolti zilizobaki.

Sijaandika haya ili kumwaibisha mtu. Kibati kimoja kusahaulika kwenye kazi ya kushusha na kupandisha, wakati mwenye gari anapiga simu kila saa kuuliza imefikia wapi, kinaelezeka. Kinachoniuma ni hatua iliyofuata. Kwa ajili ya kibati cha ukubwa wa kidole, giaboksi nzima ilikuwa irudi Dar.

Waya zilikatwa, zikaungwa kwa risasi, zikafungwa vizuri, kibati kikarudi mahali pake. Fyuzi ya EFI, inayolisha kompyuta, ikachomolewa kwa muda ili kumbukumbu ifutike. Tukaendesha. Namba moja, mbili, tatu. Kwenye tambarare ya kuelekea Mwandiga ikaingia namba nne.

Shaka ikarudi

Ningependa kuishia hapo.

Siku iliyofuata nilipakia dagaa wa Kibirizi, nikaelekea Kasulu. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa kwenda Kasulu unapanda sana. Kwenye mlima wa kwanza wenye uzito, gia ilipotoka moja kwenda mbili injini ikapaa kidogo kabla gia haijashika. Mara ya pili ikafanya hivyo hivyo. Kuteleza.

Nilisimama pembeni ya barabara, nikawaza yale yale. Labda mzee alikuwa sahihi. Labda tulitengeneza waya wa giaboksi ambayo kweli imechoka, na sasa muda wa kuirudisha umepita. Kuna kishawishi kikubwa, ukishakuwa upande wa mtu aliyegundua kitu, cha kutetea ugunduzi huo hata ushahidi mpya unapokataa. Nilijilazimisha kukubali kwamba giaboksi inaweza kuwa na waya mbovu na bado ikawa mbovu ndani pia. Moja haiondoi nyingine.

Nikashusha nusu ya mzigo kwa mtu ninayemfahamu njiani, nikarudi taratibu.

Safari hii niliwakutanisha wawili, fundi umeme na yule mzee wa gereji. Sikujua watapokeanaje. Kijana aliamkia, akaeleza kwa heshima tulichokikuta, akamwonyesha waya uliokatwa. Mzee aliuangalia kwa muda, akaugeuza, akasema, "Hiki kibati nilimwachia dogo." Kisha akaniuliza swali ambalo kijana asingeuliza.

"Mama, kebo ya throto walivyofunga uliangalia?"

Kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, kwenda kwenye giaboksi. Wengi hudhani ni ya kupunguza gia tu ukikanyaga ghafla. Kazi yake kubwa ni kuiambia giaboksi injini inavuta kwa nguvu kiasi gani, ili presha ya oili inayobana klachi ipande kwa kiasi hicho. Ikilegea, injini inavuta kwa nguvu zote huku klachi zimebanwa kwa presha ya gari linalotembea polepole. Zinateleza, zinaungua, na giaboksi nzima inakufa katika muda mfupi. Ukibadilisha giaboksi, kebo hiyo lazima ipimwe upya.

Mzee alimwambia kijana akanyage mafuta mpaka mwisho, injini imezimwa. Kwenye kebo kuna kidonge kidogo cha chuma, na throto ikiwa wazi kabisa, kati ya kidonge hicho na mwisho wa mpira wa kebo panatakiwa pawe na milimita sifuri hadi moja.

Pale palikuwa na nafasi ya kuingiza ncha ya kidole changu.

Akalegeza nati mbili, akavuta, akakaza. Kazi ya muda mfupi sana. Tulipoendesha tena, mzigo ukiwa ndani, namba mbili ilishika kwa mkato mmoja.

Kwa hiyo kijana alijua waya na hakujua kebo. Mzee alijua kebo na hakujua waya. Gereji zao zinatenganishwa na mwendo wa dakika chache, na katika miaka yote ya kazi hawakuwa wamewahi kulala chini ya gari moja.

Tunalipia nini

Hili ndilo lililonikaa kichwani majuma yote haya.

Nilipomuuliza kijana nimlipe nini, alisita. Alitaja pesa ya waya na risasi, basi. Nikamwambia, na ile asubuhi nzima ya kupima? Akasema watu hawalipi kupima. Mtu akija akakaa na mita saa tatu bila kufungua bolti, mwenye gari anaona hajafanya kitu. Akishusha giaboksi chini, jasho linamtoka, mikono myeusi, hapo analipwa bila maneno hata kama giaboksi haikuwa na tatizo.

Nimefikiri sana kuhusu yule mzee tangu siku hiyo. Anajua mengi. Angeweza kukumbuka kebo siku ya kwanza nilipompelekea gari. Lakini gari likija kwake linakuja na mtu mwenye haraka, anayetaka jina la kitu cha kununua. Tumemzoesha kutoa jina hilo kwa dakika chache, na tukilipata tunaona tumehudumiwa. Hukumu ya haraka tunaiagiza wenyewe kwa namna tunavyolipa.

Na kwa mji ulio mbali kama huu gharama yake ni kubwa kuliko Dar. Pale Kariakoo ukikosea spea unatembea mtaa mmoja ukabadilisha. Hapa kila kosa linapanda treni au lori. Sisi ndio tungepaswa kuwa watu wa kupima kuliko wote nchini, kwa sababu sisi ndio tunaoumia zaidi tukibahatisha.

Nilimlipa kijana ujira wa kupima kama ambavyo ningemlipa mtu aliyeshusha giaboksi. Mzee nilimlipa kwa kebo. Alikataa kwanza, akasema ni kukaza nati mbili tu. Nikamwambia silipii nati.

Ile ya zamani

Kulikuwa na jambo jingine nililotaka kulijua, na nililiogopa. Giaboksi ya kwanza, iliyotolewa, ilikuwa bado gereji juu ya tairi bovu, nayo ilihukumiwa kwa namna ile ile. Je, kama nayo ilikuwa nzima?

Niliwaomba waifungue bakuli la chini.

Harufu ilitufikia kabla ya kitu kingine. Oili nyeusi, nzito, na chini tope la plate za klachi zilizosagika. Mzee akachomoa sumaku za bakuli, akazifuta kwenye kitambaa. Ukungu wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, alisema, kila giaboksi inao. Vipande si kawaida. Vinavyonaswa na sumaku ni chuma, vinatoka kwenye beringi, gia au plate. Vya njano ambavyo sumaku haivishiki vinatoka kwenye bushi. Hapa vyote vilikuwapo.

Ile ilikuwa imekufa kweli. Niliona nafuu, kisha kijana akauliza, "Mzee, rejeta mliisafisha?"

Oili ya giaboksi inapozwa kwa kupita ndani ya rejeta. Giaboksi ikisagika, takataka zake zinakwenda kukaa kule, na ukifunga nyingine bila kusafisha njia hiyo, unaipa mgeni uchafu wa marehemu. Hakuna aliyeisafisha. Tukachomoa mabomba mawili, tukapuliza kwa upepo wa kompresa kutokea upande wa pili. Kilichotoka kwanza kilikuwa cheusi. Tukaendelea mpaka kikatoka safi, tukabadilisha oili. Kumwaga kwa nati ya chini hakutoi yote, nyingi inabaki kwenye konvata, kile chombo kilicho kati ya injini na giaboksi, kwa hiyo tutarudia baada ya kutembea kidogo.

Sasa hivi gari linafanya kazi, Kasulu nakwenda na kurudi. Limebaki jambo moja. Asubuhi likiwa la baridi, rivasi inachelewa kushika. Likiwa la moto tulipima kwa saa ya simu, silensa, breki ya mkono imevutwa: kutoka N kwenda D haitakiwi kuzidi sekunde 1.2, na kwenda R haitakiwi kuzidi 1.5. D iko ndani kabisa. R inagusa mpaka. Inaweza kuwa sili ya ndani iliyokauka kwa kukaa dukani, inaweza kuwa presha. Kijana anasema sili, mzee anasema presha, na hakuna aliyekubali kushusha kitu chochote mpaka ijulikane. Geji ya kupimia presha ya oili ya giaboksi haikupatikana hapa. Mzee amemkumbuka mtu wa Kasulu aliyekuwa nayo, na Jumamosi nikipeleka dagaa nitaipitia.